Kibodi ya gemu kwa kompyuta ya nyumbani: ya mpira, ya mekanika au ya sumaku?

Kijana wangu alikuwa anakimbia na mpira pembeni mwa uwanja, kidole kimoja kwenye mshale wa juu, kingine kwenye mshale wa kulia, E ameibana ili aongeze kasi. Alipoingia kwenye boksi akabonyeza D apige shuti. Mchezaji hakupiga. Akabonyeza tena, kimya, beki akauchukua mpira. "Baba, D imekufa," akaniambia. Nikafungua Notepad nikaibonyeza D peke yake, ikaandika vizuri kabisa. Haikuwa imekufa. Ile kibodi ya ofisini iliyokuja na kompyuta yetu ya mtumba ilikuwa imeshindwa kupokea vitufe vinne kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kibodi ya gemu, na tangu siku ile aina tatu zimepita kwenye meza yetu. Tunaishi Tanga, si mbali na bahari, na kompyuta ni moja tu, iko sebuleni. Mchana mke wangu anafanyia hesabu za duka, jioni watoto wana kazi za shule na FIFA (tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, lakini hapa mtaani jina halijabadilika), usiku ni zamu yangu na Counter-Strike, gemu ya risasi. Kwa hiyo nalinganisha nikimfikiria mtu ambaye kompyuta yake haipo kwa ajili ya gemu peke yake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa nyumba kama hii ningechukua ya mekanika yenye waya, swichi nyekundu, vitufe 87. Lakini zipo nyumba ambazo ya mpira inazifaa zaidi, na yupo mchezaji ambaye ya sumaku itamlipa kila shilingi aliyoitoa.

Kilichomo chini ya kidole

Ya mpira ndiyo ile ambayo maboksi huiandika membreni. Ndani yake kuna karatasi tatu za plastiki zilizolaliana: ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya katikati ina matundu tu. Juu ya kila tundu kuna kikombe cha mpira. Ukibonyeza, kikombe kinabonyea, karatasi ya juu inagusa ya chini, herufi inatokea. Lazima ufike mwisho kabisa ndipo ikubali, na ndiyo maana mikono huchoka ukiandika muda mrefu. Usidanganywe na taa. Kibodi nyingi zenye rangi saba na umbo la kijeshi zina vikombe vilevile vya mpira vilivyomo kwenye kibodi ya ofisini.

Ya mekanika ina swichi yake kwa kila kitufe, kila swichi na springi yake na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Kampuni ya Kijerumani Cherry ndiyo iliyoleta muundo wa MX katika miaka ya 1980, na baada ya hataza yake kwisha viwanda vya China kama Kailh, Gateron na Outemu vikaanza kutengeneza swichi za umbo hilohilo. Hizo ndizo zilizomo kwenye kibodi nyingi za bei nafuu tunazoziona madukani. Swichi nyekundu ya Cherry inataka uzito wa gramu 45, na inakubali ukiwa umeshuka milimita 2 kati ya 4. Yaani herufi imeshaingia wakati kidole bado kiko njiani. Nyekundu inateremka laini bila kikwazo, ya kahawia ina kijikwazo kidogo unachokihisi katikati, ya bluu ina kikwazo na inalia.

Ya sumaku haina chuma kinachogusana. Chini ya kitufe kuna sumaku ndogo, na kwenye ubao kuna kihisi kinachopima sumaku imesogea umbali gani. Kanuni yake aliigundua Edwin Hall huko Marekani mwaka 1879, ila kwa wacheza gemu wa leo aliyeivumisha ni kampuni ya Wooting ya Uholanzi. Kwa kuwa kibodi inajua kitufe kiko wapi hasa, unaweza kuiambia ikubali kwenye milimita 1, au nusu milimita, au hata 0.1. Pia unaweza kuiambia kitufe kihesabiwe kimeachiwa mara tu kidole kinapoanza kupanda, bila kusubiri kifike juu. Kwa mchezaji wa gemu za risasi, hili la pili lina maana kuliko lile la kwanza.

Vitufe vingi kwa pamoja

Turudi kwenye D ya kijana wangu, maana nyumbani hili ndilo jambo linaloonekana kuliko yote na ndilo watu wanaliuliza kidogo kuliko yote.

Kibodi haina waya mmoja kwa kila kitufe. Vitufe vimepangwa kwenye gridi ya mistari ya kulala na ya kusimama, na ubongo wa kibodi unapita mstari kwa mstari ukiangalia wapi pamefungika. Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyokaa kwenye pembe tatu za mstatili mmoja wa gridi hiyo, umeme unapata njia ya kuzunguka, na kibodi inaona kama pembe ya nne nayo imebonyezwa. Ili isiandike herufi ambayo hukuibonyeza, kibodi ya bei ndogo inaamua kuizuia. Kwa hiyo kitufe cha nne kinakataliwa hata kama umekibonyeza kweli. Dawa yake ni diodi moja kwa kila kitufe, inayouzuia umeme usirudi nyuma. Kibodi za mekanika za gemu kwa kawaida zinazo, na za sumaku hazina tatizo hili. Za mpira za gemu hupanga gridi kwa ujanja ili vitufe vya kundi la W, A, S, D na jirani zake visigongane, na boksi litaandika idadi, 19 au 26 kwa mfano. Hapo uwe mwangalifu: vitufe vilivyolindwa ni vile ambavyo mtengenezaji alidhani utavitumia, na aliyekuwa akilini mwake ni mtu wa gemu za risasi. Anayecheza FIFA kwa mishale ya kulia na herufi za kushoto anaweza kukuta yake hayamo.

Kipimo chake hakihitaji programu yoyote. Dukani, omba kibodi ichomekwe kwenye kompyuta, fungua Notepad, bana Shift zote mbili kwa vidole vidogo, kisha andika alfabeti yote kutoka A hadi Z, ukiwamo Q na X ambazo Kiswahili hakizihitaji. Herufi zinazokosekana ndizo zinazogongana. Baada ya hapo bana mshale wa juu, wa kulia na E, halafu gonga D mara kadhaa. Ikiandika D kila mara, umepita mtihani wa kijana wangu. Muuzaji anayekataa kibodi isijaribiwe, mimi naondoka dukani kwake.

Kuna nyumba ambayo jambo hili lina uzito mara mbili, nayo ni ile ambayo watoto wawili wanacheza kwenye kibodi moja, mmoja kushoto mwingine kulia, kama wengi tulivyokua tukicheza gemu za kupigana. Hapo vidole kumi vinaweza kuwa chini kwa sekunde moja. Kumbuka pia kwamba njia ya msingi kabisa ambayo USB hutumia kupokea kibodi hubeba vitufe sita tu, ukiacha Shift, Ctrl, Alt na ndugu zao. Tafuta inayosema inapokea vitufe vyote, maarufu kwa herufi NKRO. Ya mpira kwa watoto wawili siwezi kuipendekeza.

Kelele

Kibodi yangu ya kwanza ya mekanika ilikuwa ya swichi za bluu. Niliipenda dukani, mlio ule ulinikumbusha mashine za taipu za ofisi ya kata. Wiki ya kwanza nyumbani, saa tano usiku, mama yangu mzazi akatoka chumbani na khanga yake mabegani. "Mwanangu, hicho kitu kinanigonga kokoto kichwani." Sikuwa na la kumjibu. Ukuta kati ya sebule na chumba chake ni wa tofali moja, na juu dari ni ya mbao nyembamba. Nilijaribu kuweka taulo chini ya kibodi. Ilipunguza mtikisiko wa meza, lakini mlio wa swichi yenyewe uko ndani ya swichi, taulo haliufikii. Na swichi zilikuwa zimechomelewa kwa risasi kwenye ubao, hazitoki bila chuma cha moto. Ile kibodi nikampa mpwa wangu anayekaa peke yake.

Kwa hiyo kama kompyuta iko sebuleni au chumba cha kulala watu wawili, ya bluu iache hukohuko dukani hata kama bei yake imekatwa. Ya mpira ndiyo tulivu kuliko zote. Usiku kucha hutamwamsha mtu. Nyekundu hailii yenyewe, kinachosikika ni kitufe kugonga chini na kurudi juu, na ukijizoeza kugusa kwa wepesi kinapungua sana. Ya sumaku husikika kama nyekundu. Ikiwa una mtoto mchanga ndani ya chumba hichohicho, basi mjadala umekwisha, chukua ya mpira.

Kasi: nani anaihitaji kweli

Maboksi yanapenda namba. Kompyuta huiuliza kibodi kama kuna kitufe kilichobonyezwa, na ya kawaida huulizwa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Ya gemu, hata ya mpira, kwa kawaida huulizwa mara 1,000, kila milisekunde 1. Sasa zipo za mara 8,000. Kabla ya kulipia hizo, angalia skrini yako. Skrini ya kawaida ya nyumbani hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, picha moja kila milisekunde 16.7 hivi. Na ukicheza mtandaoni ukiwa Tanga au Kisumu, seva ikiwa Afrika Kusini au Ulaya, taarifa yako inasafiri kwa makumi ya milisekunde, na mara nyingi kupita mia. Kutoka 125 kwenda 1,000 ni hatua yenye faida. Kutoka 1,000 kwenda 8,000, kwenye skrini ile, mimi sikuona tofauti yoyote na sidhani kama mkono wa kawaida utaiona.

Kile ambacho nilikiona kwa mikono yangu ni ya sumaku kwenye Counter-Strike 2. Katika gemu ile huwezi kulenga vizuri ukiwa unatembea. Ukikimbia kulia kwa D, unaachia D na kugusa A kidogo ili usimame papo hapo, ndipo unafyatua. Kwa mekanika, D lazima ipande hadi ivuke ile milimita yake ndipo ihesabiwe imeachiwa. Kwa sumaku inahesabiwa mara moja. Niliazima kibodi ya rafiki kwa wiki mbili, na siku ya tatu nilikuwa nasimama kwa wepesi ambao sikuwahi kuwa nao. Hilo ni kweli na silipunguzi.

Lakini yapo mambo mawili. Kwanza, baadhi ya kibodi hizi huja na kipengele kinachoamua chenyewe kati ya A na D ukizibana zote mbili. Kampuni ya Razer inakiita Snap Tap. Agosti 2024 Valve, watengenezaji wa gemu yenyewe, waliizuia namna hiyo ya kujiendesha kwenye seva rasmi za Counter-Strike 2, na ukikutwa unaitumia unatolewa kwenye mechi. Ukinunua, kizime kabla ya kuingia. Ile ya kitufe kuachiwa haraka haikuguswa na katazo hilo. Pili, kibodi iliyowekwa ikubali kwenye 0.1 ni adha kwa mwandishi. Mke wangu alipokaa nayo kuingiza bei za sukari na unga, kila kidole kilichopumzika kiliandika kitu. Inabidi uweke hali mbili, moja ya gemu na moja ya kazi, na kila mtu nyumbani ajue kubadilisha. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja si tatizo. Kwetu lilikuwa tatizo kila asubuhi.

Na kwa FIFA? Haileti chochote. Mchezo ule unataka vitufe vingi kwa pamoja na kidole chenye akili. Ukitaka kumfurahisha mpenzi wa FIFA, fedha ya kibodi ya sumaku ya bei kubwa inanunua ya mekanika ya kawaida na pedi moja nzuri ya kuchezea gemu, na chenji inabaki.

Vumbi, chumvi na chai

Hapa pwani adui hachagui. Hewa ina chumvi na unyevu, barabara yetu ni ya vumbi, na dirisha la sebule liko wazi mwaka mzima. Mekanika yangu ya sasa, baada ya mwaka mmoja na nusu, ilianza kuandika A mara mbili: nikiandika "baba" inatoka "baaba". Ni vile vipande vya chuma ndani ya swichi vimechafuka, vinagusana kwa kuruka-ruka. Safari hii nilikuwa nimechagua kibodi ambayo swichi zake huchomolewa kwa kibano bila kuchomea. Nikaitoa swichi ya A, nikachukua ya Scroll Lock ambayo hakuna anayeitumia, nikaipachika mahali pake. Dakika tano. Kama kuna jambo moja ambalo ningelilipia zaidi nikiwa mtu wa pwani, ni hilo la swichi zinazochomoka.

Tahadhari kwenye hilo: baadhi ya kibodi za bei ya chini zina matundu membamba yanayopokea swichi za Outemu pekee, kwa kuwa pini zake ni nyembamba. Ukileta za Gateron au Kailh zitagoma au zitaharibu soketi. Uliza kabla ya kununua swichi za akiba. Angalia pia kama soketi inapokea pini tatu au tano. Swichi ya pini tano inaingia kwenye ya tatu ukizikata zile mbili za plastiki.

Ya mpira haisumbuliwi na vumbi upesi kwa sababu mguso uko katikati ya karatasi zilizofunikwa. Na kwa chai ndiyo mvumilivu kuliko zote. Baadhi zimetengenezwa kuhimili kumwagikiwa, kama SteelSeries Apex 3 yenye alama ya IP32. Lakini ikifa, imekufa yote. Mpira ukikakamaa kwenye kitufe kimoja, huna swichi ya kubadilisha, na kofia ya kitufe ikipotea huipati ya aina yake. Kofia za mekanika zina tundu la umbo la msalaba linalofanana karibu kwa watengenezaji wote, kwa hiyo ipo ya kubadilisha. Kwa umri, za mpira huandikwa mibonyezo milioni 5 hadi 10 hivi, Cherry wanaandika milioni 100 kwa swichi zao nyekundu. Hizo ni namba za maabara. Chai ya sukari haikuwamo kwenye jaribio.

Ya sumaku, kwa kuwa hakuna chuma kinachogusana, haina ugonjwa wa "baaba". Kwa vumbi na chumvi ndiyo bora kuliko zote, na sijaona matangazo yanayoisifia kwa hilo. Ila ubao wake ni wa umeme kama mwingine wowote, na chai ikiufikia ni hadithi ileile.

Kwa nyumba yenye watoto wa chini ya miaka saba wanaokula wakiwa mbele ya kompyuta, nasema bila kusita: ya mpira, ya bei ya wastani, na usiifikirie mekanika mpaka wakue.

Vitufe 104, 87 au 61

Kibodi kamili yenye namba upande wa kulia ina upana wa karibu sentimita 44. Ya vitufe 87, ambayo imeondoa namba tu, ni kama 36. Ya 61 ni kama 29 au 30, imeondoa namba, mishale, safu ya F1 hadi F12, Delete na wenzake. Ukivihitaji unabana Fn pamoja na kitufe kingine.

Watu wa gemu za risasi wanapenda ndogo kwa sababu mausi inapata uwanja. Kama unalenga kwa kuzungusha mkono mzima, sentimita 15 zilizookolewa ni nyingi kwenye meza ya nyumbani. Lakini kabla hujavutiwa na ile ndogo nzuri, waza kuhusu mishale. FIFA huja ikiwa imepangwa kutumia mishale, na kwenye kibodi ya 61 mishale imefichwa chini ya Fn. Itabidi upange upya vitufe ndani ya gemu, na wageni wote wanaokuja kucheza Jumapili watalalamika. Kwa hesabu za duka ni hivyohivyo, mtu anahama seli kwa seli kwa mshale na kurekebisha kwa F2. Kumnyima vitufe hivyo mtu anayefanya kazi saa nne kwa siku ni kumwonea.

Sisi tuliishia kwenye 87, na mke wangu akanunuliwa kijikibodi cha namba tupu cha USB, kinachochomekwa pembeni anapokihitaji. Anakiweka kushoto, mkono wa kulia unabaki na mausi, na anasema sasa anamaliza hesabu mapema kuliko zamani. Suluhisho hili halitajwi mara nyingi, nami nalipenda kuliko kununua kubwa.

Waya au bila waya

Kwenye kompyuta ya mezani nitasema waya. Umeme ukikatika, kompyuta imezima, betri ya kibodi haikusaidii kitu. Bluetooth ina ucheleweshaji unaohisika kwenye gemu za haraka, na kwa kawaida haifanyi kazi ukiingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kurekebisha jambo kabla Windows haijawaka. Ile yenye kipokezi chake kidogo cha USB ni nzuri, wakati mwingine haitofautiki na waya, ila usikichomeke kipokezi nyuma ya kompyuta karibu na tundu la USB 3.0 linalofanya kazi. Mawimbi ya tundu hilo yanaingilia masafa ya 2.4 GHz, na vitufe vinaanza kupotea. Tumia kiwaya cha kurefusha, ukilete kipokezi juu ya meza. Mahali pa kibodi isiyo na waya ni kwa mwenye runinga kubwa ukutani na kochi upande wa pili.

Ukichukua ya waya, tafuta ambayo waya unachomoka, wa USB-C. Waya hukatika shingoni, pale unapoingia kwenye kibodi, na wa kuchomoka unabadilishwa kwa bei ya waya wa simu.

Bei, kwa kifupi

Redragon K552, mekanika ya vitufe 87 ambayo wengi huanza nayo, Marekani huuzwa dola 30 hadi 40. Wooting 60HE ilikuwa karibu dola 175 kabla ya usafiri na ushuru. Sumaku za Kichina zimeanza kupatikana chini ya dola 50 huko zinakotoka, na hapo mchezaji wa Counter-Strike mwenye kompyuta yake mwenyewe hana sababu ya kusubiri. Nyingi za mpira za gemu ziko chini ya hizo zote, lakini ya mpira inayokaribia bei ya mekanika usiichukue, taa hazina thamani hiyo. Ukinunua ya mtumba, vua kofia mbili tatu uangalie chini yake. Kutu kwenye sahani ya chuma inakuambia ilikotoka.

Ukiifikisha nyumbani

Ichomeke nyuma ya kompyuta, kwenye tundu lililo kwenye ubao mama wenyewe, si kwenye kigawanyo cha USB. Zenye taa nyingi zinakula umeme, na kigawanyo dhaifu huzifanya zizime na kuwaka. Ukikuta waya wake una ncha mbili za USB, ya pili mara nyingi ni ya kulisha tundu lililo kwenye kibodi, si lazima uichomeke.

Ukibonyeza Shift na 2 ukapata alama ya kunukuu badala ya @, kibodi haijaharibika. Windows inadhani una mpangilio wa Uingereza na umenunua wa Marekani. Nenda kwenye mipangilio ya lugha ubadilishe. Kompyuta za mtumba kutoka Uingereza huja hivyo mara nyingi. Kwa kibodi zinazopitia Dubai unaweza kukuta herufi za Kiarabu pembeni ya zile za Kilatini. Hazizuii kitu, ila angalia kwamba alama ya king'ong'o, ile ya "ng'ombe" na "ng'ambo", iko karibu na Enter na inatoka kwa mbonyezo mmoja.

Mishale ikigeuka kuwa W, A, S, D ghafla, mtoto amebonyeza Fn na W. Kwenye kibodi nyingi za bei nafuu ndivyo zinavyobadilishana, na ukirudia Fn na W zinarudi. Kitufe cha Windows kikigoma, kuna hali ya gemu imekifunga kwa makusudi ili usitupwe nje katikati ya mechi. Tafuta chenye alama ya kufuli, ubane pamoja na Fn. Programu za taa za makampuni makubwa ni nzito kwa kompyuta ya RAM ya 4 GB. Weka rangi unayoitaka, ihifadhi ndani ya kibodi kama ina kumbukumbu yake, kisha iondoe programu. Za Wooting hurekebishwa kupitia kivinjari, huhitaji kusakinisha chochote.

Kisha zima Sticky Keys. Windows huitokeza ukigonga Shift mara tano, na kwenye gemu ambayo Shift ndiyo mwendo, itatokea wakati mbaya kuliko wote. Igonge Shift mara tano sasa hivi, dirisha litafunguka lenyewe, fuata kiungo cha mipangilio kilichomo humo, uifunge njia hiyo ya mkato. Mwisho, zima kompyuta, iwashe ukibonyeza Delete au F2, uone kama kibodi mpya inakufikisha BIOS. Baadhi ya mashine za zamani haziielewi kibodi iliyo kwenye hali ya kupokea vitufe vyote. Ikigoma, ibadilishe iwe ya vitufe sita kwa mchanganyiko wa Fn ulioandikwa kwenye karatasi yake, na karatasi hiyo uitunze pamoja na risiti.